Polisi Wakisema Chanzo Ni Wivu wa Mapenzi, Wamesema Nini Hasa?

Kila baada ya siku chache hutoka habari yenye sura ileile. Kamanda wa polisi wa mkoa anasimama mbele ya waandishi, anataja umri wa marehemu, kijiji na silaha iliyotumika, mara nyingi panga au kisu cha jikoni, kisha anafikia sentensi ambayo karibu kila msikilizaji anaweza kuimalizia mwenyewe: uchunguzi wa awali unaonyesha kuwa chanzo ni wivu wa mapenzi. Baada ya hapo hakuna swali. Jirani anatikisa kichwa, abiria kwenye daladala anasema mapenzi yanaua, mwingine anauliza huyo mwanamke alikuwa amefanya nini, na mazungumzo yanahamia kwenye mpira.

Sina ugomvi na kamanda, kwa kuwa kazi yake ni kutoa kwa ufupi yale ambayo mtuhumiwa na majirani wamemwambia. Kosa ni letu sisi tunaolipokea neno hilo kana kwamba ni maelezo, ilhali ni jina tu. Ni sawa na kuambiwa kwamba mtoto amefariki kwa homa. Homa ilikuwepo, hilo hakuna anayelikataa, lakini homa huletwa na malaria, na nimonia, na hata kidonda kilichooza, na watoto wengi mno huipata wakapona. Vivyo hivyo, karibu kila mtu aliyewahi kupenda amewahi kuona wivu, na walio wengi hawakumgusa mtu. Swali lenye faida, basi, ni lile ambalo sentensi ya kamanda inalifunika: nini hutokea kati ya kuona wivu na kushika panga?

Tuanze na maneno yenyewe, kwa sababu katika mazungumzo ya kila siku tunalitumia neno wivu kwa mambo mawili yasiyofanana. Jirani akinunua gari nawe ukaumia moyoni, watu watasema una wivu, lakini hiyo hasa ni husuda, au kijicho: kuumia kwa sababu mwenzako anacho usichonacho. Husuda inahitaji watu wawili tu. Wivu wa mapenzi unahitaji watatu, yaani mimi, nimpendaye, na mtu wa tatu ambaye huenda yupo na huenda hayupo kabisa. Husuda hukodolea macho cha mwingine. Wivu huogopa kupoteza kilichomo mkononi. Maandishi ya kanga yanasema hasidi hana sababu, na ni kweli. Mwenye wivu wa mapenzi, kinyume chake, hakosi sababu: asipopewa huitafuta, na akiikosa huitunga.

Neno la pili ni kujithamini. Maana yake ni kiasi ambacho mtu anajiona anafaa, hata pale ambapo hakuna wa kumsifu wala wa kumtukana. Kujithamini si majivuno, na kukosa kujithamini si lazima kuonekane kwa mtu kutembea ameinamisha kichwa. Lugha ya mtaani ina neno zuri zaidi: mtu wa namna hiyo anajishtukia. Akisikia watu wanacheka upande wa pili wa barabara, anadhani wanamcheka yeye. Akisifiwa shati, anajiuliza jana alikuwa amevaa nini.

Katika miaka ya 1990 mwanasaikolojia Mmarekani Mark Leary alileta wazo ambalo linaeleweka hata gereji. Alisema hali ya kujithamini inafanya kazi kama geji ya mafuta: inasoma ni kwa kiasi gani watu wanatukubali, na ikishuka inatusukuma kurekebisha mambo kabla hatujatengwa. Geji isiyo na hitilafu ni ya msaada. Sasa fikiria gari ambalo geji yake imeganda kwenye E, alama ya tangi tupu. Tangi limejaa, lakini dereva haamini, kwa hiyo anaingia kila kituo cha mafuta kati ya Ubungo na Chalinze, anaongeza lita mbili, anatoka, anatazama geji, anaona bado E, anaingia kituo kinachofuata. Abiria wanaanza kwa kuvumilia, wanaendelea kwa kunung'unika, na kufika Mlandizi wengine wanateremka. Dereva anapowaona wakiteremka anasema: nilijua tu kwamba gari hili halifiki.

Mfano huo si wa kuchekesha tu. Sandra Murray na wenzake, ambao wamechunguza wanandoa na wachumba kwa miaka mingi, waligundua kwamba watu wasiojithamini huwa wanapunguza kiasi wanachopendwa. Mwenzi anapoulizwa pembeni anamsifu mtu wake kwa dhati. Mtu mwenyewe anapoulizwa anadhani mwenzi anamwona vibaya, vibaya kama anavyojiona. Kwa maneno mengine, hasomi moyo wa mwenzake. Anasoma wake, kisha anaandika jina la mwenzake juu yake.

Tuwatazame kwa karibu mume na mke wa kubuni, maana wa kweli wana haki ya siri zao. Mume ni fundi wa kuchomelea mageti huko Mbagala, na kazi zake miezi mingine zipo na mingine hazipo. Mke alikaa nyumbani miaka sita, kisha akapata ajira katika duka la jumla Kariakoo, ambako anaandika mauzo na kupokea oda za wateja wa mikoani. Usiku mmoja, saa nne na ushee, simu ya mke iliyolazwa juu ya stuli inawaka. Mke yuko uani anaanika nguo za shule. Mume anainama na kusoma: umepokea shilingi 30,000 kutoka kwa fulani, na huyo fulani ana jina la kiume.

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji apunguze mwendo, kwa sababu watu wengi wakisimulia kisa kama hiki huruka hatua moja. Husema kwamba mume aliona jina la mwanamume akadhani mke ana mchepuko. Lakini ukimpata fundi huyo siku ametulia, akawa mkweli, atakuambia kwamba wazo hilo lilikuwa la pili. La kwanza, lililopita kwa kasi mpaka hakuliona vizuri, lilikuwa: mimi sijampa elfu thelathini tangu mwezi wa Ramadhani. Aibu ilitangulia, shaka ikafuata nyuma yake, na shaka ikapokelewa kwa mikono miwili kwa kuwa ni nyepesi kuibeba. Aibu inamwambia kwamba kasoro ni yake. Shaka inampa nafasi ya kusema kwamba kasoro ni ya mwenzake.

Mke anaporudi ndani, mume hamuulizi pesa hizo ni za nini. Angeuliza angejibiwa kwamba mteja wa Tunduma amemalizia deni la katoni mbili za sabuni na kesho asubuhi zitakabidhiwa kwa tajiri. Badala yake anasema, "Siku hizi unapendwa sana." Mke anadhani ni utani, anacheka. Kicheko hicho, kwa mtu anayejishtukia, ni ushahidi wa pili.

Yanayofuata yanafahamika. Wiki ile mume anataka neno la siri la simu. Anapewa. Anakagua, hakuti kitu, analala vizuri usiku mmoja. Usiku wa pili anakumbuka kwamba hakuangalia picha. Baada ya muda anafuatilia mke alionekana mtandaoni saa ngapi, na kwa nini tiki ziligeuka bluu bila jibu kurudi. Anapiga simu ya video mchana ili aone kama kweli nyuma yake kuna rafu za sabuni. Kila ukaguzi unampa nafuu, na kila nafuu ni fupi kuliko ile iliyopita. Aliyewahi kuugua upele anaijua hali hii bila kuhitaji mtaalamu: kujikuna kunapoza kwa dakika moja, na ndiko kunakoongeza muwasho.

Kwa upande wake mke, ambaye hajafanya kosa, anaanza kufuta ujumbe. Anafuta salamu ya mteja, anafuta meseji ya kaka wa dukani aliyeuliza bei, kwa sababu amechoka kueleza. Mume anakuta pengo pale palipokuwa na mazungumzo. Sasa ana ushahidi wa tatu, na safari hii haukutungwa kichwani: kuna kitu kimefichwa kweli, na kilichokifichisha ni ukaguzi wake mwenyewe. Geraldine Downey na wenzake walilichunguza jambo hili kwa wapenzi nchini Marekani na kulichapisha mwaka 1998. Waliona kwamba uhusiano wa mtu anayeishi akitazamia kukataliwa huvunjika zaidi, na kwa wanawake, ingawa si kwa wanaume, waliiona na njia yenyewe: hutenda kwa namna inayomchosha mwenzake wakati wa mabishano, mpaka mwenzake anakasirika na kujitenga kweli. Hofu inajitengenezea jambo inaloliogopa.

Bado hatujafika kwenye panga, na fundi wetu huenda asifike kamwe. Hata hivyo njia imeshachorwa. Ukaguzi ukishindwa kutuliza, hufuata kumpunguza mwenzi: shoga yake yule asije tena hapa, kazi hiyo uache, dada yako anakufundisha tabia mbaya. Hufuata dharau, kwa kuwa mtu anayejiona yuko chini ana njia mbili za kulingana na mwenzake, na ya kumshusha mwenzake ni ya haraka kuliko ya kupanda yeye. Hufuata kuharibu vitu, simu ikabamizwa ukutani, sare ya kazi ikachomwa moto. Vitu hivyo havichaguliwi ovyo. Ni vitu vinavyomwezesha mwenzi kuwa mtu bila yeye.

Hapo tunaweza kuzigusa zile imani zinazosambaa kuhusu jambo hili. Ya kwanza ni kwamba asiye na wivu hapendi. Siikatai yote. Wivu mdogo ni kengele inayosema kwamba mtu huyu ana thamani kwangu, na kengele ikilia unaweza kuuliza, kukumbatia, au kurudi nyumbani mapema. Lakini kengele haituambii ndani ya nyumba kuna mwizi au ni paka tu, na anayeipima kwa ukubwa wa sauti, akasema kadiri mume anavyofoka ndivyo anavyonipenda, amechanganya upendo na hofu ya mtu mwingine. Wasichana wengi wamelelewa kuhesabu kofi la kwanza kuwa ni ishara ya mapenzi, na nadhani hilo ni miongoni mwa mafunzo mabaya kabisa tuliyowapa.

Imani ya pili ni ya wasomi zaidi: kwamba kila mkatili ndani yake ni mnyonge anayehitaji kusifiwa. Mwaka 1996 mwanasaikolojia Roy Baumeister na wenzake wawili waliipinga vikali. Walipopitia tafiti nyingi kuhusu watu wakatili, waliona kwamba wengi hawakujiona duni hata kidogo. Walijiona wakubwa, ila ukubwa wenyewe ulikuwa wa kuning'inia, na ulipoguswa walilipuka. Wapo wanaojidharau maisha yao yote na kazi yao ni kujilaumu na kulia peke yao. Kwa hiyo ni sahihi zaidi kusema kwamba hatari iko kwa mtu ambaye thamani yake yote ameiweka mikononi mwa mtu mwingine, awe anajiona chini au anajiona mfalme, kisha akaamini kwamba ana haki ya kuidai kwa nguvu. Sehemu hiyo ya pili, ya haki, haitoki kwenye nafsi peke yake. Inatoka pia kwenye vikao vya harusi, kwenye utani wa kijiweni, na kwenye ile lugha ya "nimemuoa, nimemtolea mahari, ni wangu".

Wanawake nao wanaona wivu, na wao pia hubomoa. Wapo waliomvizia mwanamke mwenzao njiani na kumwaibisha huku mume aliyewasaliti wote wawili akiwa amekaa zake nyumbani. Wapo wanaotumia watoto kama fimbo. Na wapo wanaopeleka mshahara wa mwezi kwa mganga kununua limbwata, jambo ambalo tunalicheka, ingawa kiini chake kinahuzunisha: mtu anayetafuta dawa ya kumfunga mumewe ameshajihukumu kwamba yeye mwenyewe, bila dawa, hatoshi kumfanya mtu abaki. Tofauti kubwa iko kwenye mwisho wa safari. Ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu, pamoja na shirika la umoja huo linaloshughulikia wanawake, zilikadiria kuwa mwaka 2023 wanawake na wasichana 51,100 duniani waliuawa na wenzi wao au watu wa familia, wastani wa 140 kila siku.

Je, ikiwa shaka ni ya kweli? Hili huulizwa kwa sauti ya ushindi, kana kwamba linafuta yote yaliyotangulia. Usaliti upo, fumanizi zipo, na maumivu yake ni makali. Lakini usaliti unakupa taarifa kuhusu mwenzako, na taarifa hiyo inaweza kukupeleka kwa wazazi, kwa sheikhe au mchungaji, baraza la usuluhishi la kata au mahakamani kudai talaka. Njia zote hizo zinapitika kwa mtu anayeweza kusema: nimeumizwa, na bado mimi ni mtu. Asiyeweza kuisema nusu ya pili ya sentensi hiyo ndiye anayeona kwamba amefutwa, na kwamba lazima mwingine afutwe pia.

Sheria nayo inaeleweka vibaya hapa. Vijiweni husemwa kwamba ukimfumania mkeo ukaua, sheria inakuelewa. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, katika vifungu vya 201 na 202, inasema kwamba mauaji yanaweza kuhesabiwa kuwa ya bila kukusudia ikiwa mtu aliua kwa hasira iliyosababishwa na uchokozi wa ghafla, kabla hasira haijapata muda wa kupoa, na uchokozi wenyewe uwe wa kiwango cha kumwondolea mtu wa kawaida wa jamii hiyo uwezo wa kujizuia. Sheria ya Kenya ina masharti yanayofanana, vifungu vya 207 na 208. Tazama neno ghafla. Mtu aliyekagua simu wiki tatu, akanoa panga, akasubiri njiani, hana uchokozi wa ghafla wa kuiambia mahakama. Alicho nacho ni mpango. Na hata anayefaulu katika utetezi huo hatoki huru, kwani kuua bila kukusudia ni kosa ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Kuhusu kofi la nyumbani, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga.

Kuna sababu nyingine ya kulitilia shaka jina la wivu wa mapenzi: wakati mwingine linafunika mali. Septemba 2024 mwanariadha wa Uganda Rebecca Cheptegei, aliyekuwa ametoka kukimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Endebess, Trans Nzoia, na akafariki siku chache baadaye hospitalini Eldoret. Aliyetajwa kumshambulia alikuwa mwenzi wake wa zamani, naye alikufa kwa majeraha ya moto huohuo. Taarifa za wakati ule zilitaja mgogoro wa ardhi, pale alipokuwa amejenga nyumba. Mwanamke mwenye kiwanja chake, nyumba yake na jina lake lilisomwa duniani: mtu anayejipima kwa kumzidi mwenzake ana mengi ya kuyaonea uchungu hapo, na mtu wa tatu si lazima awepo.

Tafiti za kitaifa za afya zinazofanywa Tanzania na Kenya kila baada ya miaka michache huwauliza wanawake maswali ambayo kila familia ingeweza kuulizana sebuleni: je, mumeo hukasirika ukizungumza na wanaume wengine, hukutuhumu mara kwa mara kuwa si mwaminifu, hukukataza kukutana na marafiki zako wa kike, hukupunguzia mawasiliano na ndugu zako, hushikilia kujua uko wapi kila wakati? Maswali hayo hayaulizi kuhusu kipigo hata kimoja, lakini yamewekwa humo kwa sababu penye majibu mengi ya ndiyo, kipigo mara nyingi hakiko mbali. Jacquelyn Campbell, muuguzi na mtafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, alitengeneza orodha ya kupima hatari ya kuuawa na mwenzi, na ndani yake kuna dalili moja ambayo sisi huichukulia kuwa ugomvi wa kawaida: kukabwa shingo. Aliyewahi kukabwa na mwenzi wake, hata kama alama zimefutika, yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuja kuuawa kuliko aliyepigwa bila kukabwa.

Kwa anayejiona ndani ya yule fundi, kazi ya kwanza ni ndogo na ngumu: kuacha kukagua kwa siku chache, kuuvumilia muwasho bila kujikuna, na kulitamka lile wazo la kwanza badala ya la pili. "Nimeona ile elfu thelathini nikajiona sifai" ni sentensi inayochoma koo, lakini mke anaweza kuijibu. "Huyo mwanamume ni nani" haina jibu litakalotosha. Akiwa ananywa sana, na akiamini usaliti ambao hakuna kinachoweza kumtoa kwenye imani hiyo, hapo hatuzungumzii tena tabia. Anahitaji kuonwa katika kitengo cha afya ya akili cha hospitali, maana wivu wa aina hiyo ni ugonjwa unaotibika.

Kwa ndugu na wazee wanaosuluhisha, nina ombi moja. Kikao kinachoisha kwa "rudi nyumbani mwanangu, ndoa ni kuvumilia" kinafaa pale ambapo watu wawili wamekoseana. Pale ambapo mmoja anamwogopa mwenzake, kikao hicho kinamrudisha kwa mkono wetu mahali alipokimbia. Muda wa hatari kubwa ni ule wa kuachana, siku na wiki za mwanzo, kwa sababu aliyekuwa akiishi kwa kumdhibiti mwenzake ameona geji inashuka kabisa. Tanzania kuna Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, na Kenya kuna namba ya bure 1195 ya kuripoti ukatili wa kijinsia. Na binti akipiga simu usiku kusema ameondoka ila ameacha nguo na vyeti, asiambiwe arudi mara moja kuvichukua. Nguo zinaweza kusubiri mpaka mchana, zikafuatwe na watu watatu akiwemo mwenyekiti wa serikali ya mtaa, naye binti abaki alipo.